Mzigo anatoa Shemeji, mshahara unakatwa wangu

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Mbagala na mwanangu wa darasa la tatu. Nina mwaka mmoja na miezi minne kwenye duka moja la jumla la vyombo hapa Kariakoo. Tunauza masufuria, chupa za chai, mabeseni, hotpoti na vikombe vya dazeni. Mimi ndiye mtunza stoo. Stoo yenyewe iko ghorofani nyuma ya duka, na siku ya kushusha kontena tunapandisha mzigo na vijana mpaka usiku.

Tatizo la kwanza ni bosi. Yule baba ana mdomo, Mjomba. Haipiti siku hajanifokea, tena hafokei pembeni, anangoja wateja wajae. Wiki iliyopita mteja wa Morogoro alikuta sufuria moja pungufu. Kosa lilikuwa la kijana aliyefunga mzigo, lakini bosi akanigeukia mimi: "We kichwani mna nini, uji? Ndiyo maana mwanaume alikukimbia." Hata yule mteja aliinamisha uso. Nilipanda stoo nikalia nyuma ya maboksi, kisha nikajifuta nikaendelea kutoa mzigo. Usiku saa tano anatuma voisi kwenye kundi la WhatsApp la duka, dakika nne, dakika tano, na jina langu analitaja. Siku hizi simu ikilia tu moyo unaruka. Mwanangu ameshajua, ananiambia, "Mama usifungue."

La pili ni mwenzetu mmoja. Ni mdogo wake mke wa bosi, wote dukani tunamwita Shemeji. Kazi yake hasa sijawahi kuijua. Anashinda mlangoni na mawinga, wale madalali wa mtaani wanaotafuta wateja, wanapatana bei, halafu anapanda juu: "Dada nipe katoni tatu za chupa, kuna mtu ananisubiri chini, karatasi nakuletea sasa hivi." Karatasi haiji. Mwanzoni nilikuwa nampa kwa sababu ni ndugu wa bosi, na kwa sababu ukimkatalia anakwenda kusema unaringa. Mawinga wengine anawapa kwa mali kauli, wakishauza ndiyo walete hela, na hela hiyo inapita mkononi mwake, kwa keshia haifiki. Funguo za stoo ziko mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo yeye.

Keshia nilimwona rafiki. Siku moja tukila mihogo nikamtolea dukuduku kwamba Shemeji ananiumiza. Kesho yake asubuhi bosi ananiambia mbele ya watu, "Nasikia una maneno na familia yangu." Tangu siku hiyo pale sina wa kuongea naye.

Mwezi wa nane tulihesabu stoo, ukaonekana upungufu wa shilingi 1,860,000. Bosi akaniletea karatasi imeshachapwa, kwamba nakiri mali imepotea mikononi mwangu na nitailipa. Akasema nisipotia saini tunakwenda polisi Msimbazi. Nikasaini. Mshahara wangu ni 400,000. Mwisho wa mwezi wa nane akakata 150,000, wa tisa akakata tena 150,000. Kodi ya nyumba nimekopa kwenye kikoba.

Aliyekuwa stoo kabla yangu naye aliondoka kwa upotevu. Ndivyo nilivyoambiwa siku naajiriwa.

Mjomba, nimechoka. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye pochi wiki ya pili sasa. Mama yuko Tanga, anasema vumilia, kazi zenyewe ziko wapi. Niipeleke au nisiipeleke? Na huyu bosi nimfanyeje apunguze mdomo?

Mtunza stoo, Kariakoo

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana, na huyo mtoto anayekwambia usifungue simu mpe salamu zangu, ana akili kuliko watu wazima wa dukani kwenu.

Mdomo wa bosi umeuandikia aya nzima yenye machozi. Kukatwa mshahara umekuweka mistari michache karibu na mwisho, kama habari ya kawaida. Mimi naanzia huko, kwa sababu huko kuna tarehe inayokimbia na barua yako imenifikia Oktoba tayari imeanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimkatazi mwajiri moja kwa moja kukata mshahara kwa sababu ya mali iliyopotea. Lakini inamwekea masharti, na masharti yote lazima yatimie. Upotevu uwe umetokea kazini na kwa kosa lako wewe. Akupe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na hesabu ilivyofanyika. Akupe nafasi ya kuipinga hesabu hiyo. Jumla isizidi hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya 400,000 ni 100,000. Kwa hiyo hata kama kila kitu kingine angekifanya kwa usahihi, na hakukifanya, kila mwezi amechukua 50,000 ambayo hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Najua unachowaza: lakini nilisaini. Saini yako peke yake haiyafuti masharti hayo. Sheria inataka makubaliano ya maandishi na hayo mengine pia. Karatasi iliyokuja imeshachapwa, ukaisaini kwa kutishiwa polisi, bila kuonyeshwa hata orodha ya kilichopungua, ni karatasi unayoweza kuibishia. Ila kuanzia leo usisaini kingine kwa namna ile. Ukilazimika kupokea karatasi, andika kwa mkono wako "Nimeipokea, sikubaliani na yaliyomo", weka tarehe, ndipo utie saini, kisha uipige picha kabla haijaondoka mezani. Na Msimbazi akikutajia tena, usitetemeke. Angekuwa na ushahidi kwamba umeiba angekwenda mwezi wa nane, asingehangaika kuchapa karatasi. Siku akienda kweli, nenda na ndugu yako mmoja na daftari lako, ueleze mzigo unavyotoka.

Sasa tarehe. Mgogoro wa namna hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30 tu. Makato yako ya kwanza yalikuwa mwisho wa Agosti, siku 60 zinaishia kama tarehe 30 mwezi huu. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya kueleweka, na "nilikuwa naogopa" huwa haitoshi. Huhitaji wakili kufungua shauri. Unajaza fomu, mwajiri anapewa nakala yake, na kwanza mnakaa na msuluhishi kabla ya kitu kingine chochote. Migogoro mingi ya namna hii huishia kwenye kiti hicho cha kwanza, kwa sababu mwenye duka hapendi kufunga biashara ili akaeleze 50,000. (Msomaji wa Zanzibar asichukue hesabu hizi, kule wana sheria yao.)

Lakini kabla ya Tume, barua. Wala isiwe ya malalamiko. Usimtaje Shemeji, usitaje matusi. Andika hivi, au karibu na hivi:

"Mshahara wangu wa mwezi wa nane na wa tisa umekatwa jumla ya shilingi 300,000. Naomba nipatiwe kwa maandishi orodha ya mali iliyopungua, thamani yake na namna hesabu ilivyofanyika, ili niipitie na kutoa maelezo yangu. Naomba makato yasimame mpaka nitakapopata nafasi hiyo."

Nakala mbili, moja aisaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, ipige picha umtumie yeye peke yake WhatsApp, kwenye kundi usiiweke. Mpe siku saba. Asipojibu, unakwenda Tume ukiwa na barua mkononi, na hapo kesi yako imeshaanza kusimama.

Atakasirika, hilo nakwambia mapema ili lisikushtue. Kisheria kukufukuza kwa sababu umedai haki yako si sababu halali, lakini wewe na mimi tunajua kwamba kati ya kifungu cha sheria na asubuhi ya Jumatatu dukani kuna safari. Ndiyo maana barua iwe baridi kama maji ya mtungi. Barua yenye hasira inampa cha kusoma kwa sauti mbele ya wateja. Ile inayoomba orodha haina cha kuchekwa.

Na akikujibu? Pengine ataleta orodha. Hapo ndipo utakapoulizwa swali ambalo na mimi nakuuliza: kwa nini ulitoa mzigo bila karatasi mwaka mzima? Mpwa wangu, hapo ulikosea. Nakuelewa, ndugu wa bosi anakuja na tabasamu, mtu anasubiri chini, ukimkatalia unaitwa mwenye maringo. Lakini mtunza stoo analindwa na karatasi tu. Niliwahi kuwa afisa utumishi kiwandani miaka mingi, na watunza stoo niliowaona wakiingia matatani wachache sana walikuwa wezi. Wengi walikuwa watu wema wasioweza kumwambia mkubwa "saini hapa".

Kanunue kitabu cha kutolea mzigo, kile chenye kaboni, bei yake haifiki nauli yako ya wiki. Kuanzia Jumatatu hakuna katoni inayoshuka ngazi bila jina, idadi, saa na saini ya aliyeichukua. Na iwe kwa wote, hata vijana wa kubeba, hata bosi mwenyewe akija. Ukimwandikia Shemeji peke yake umemtangazia vita. Ukimwandikia kila mtu, umebadilisha utaratibu wa stoo na hakuna aliyetukanwa. Mwambie huku unacheka, "Shemeji, siku hizi nakatwa mimi, nilinde ndugu yako, saini hapa nikushushie." Wala usimwambie neno mwizi, wala winga, wala mali kauli. Mali kauli si kosa, nusu ya Kariakoo inaendeshwa nayo. Kosa ni mali kauli ambayo kauli yake anaijua mtu mmoja.

Atakwenda kusema. Mwache aende. Bosi atakuja juu au atatuma voisi, na hapo atakuwa na njia mbili. Atasema "asaini kama wengine", umeshinda. Au atasema "huyo mpe tu". Akisema hivyo usibishane, mwombe kwa upole akuandikie kwa ujumbe: "Sawa bosi, naomba unitumie meseji kwamba Shemeji apewe mzigo bila kusaini, ili siku ya kuhesabu nisichanganye." Akiituma, umepata kitu ambacho hakuna karatasi ya kukiri inayoweza kukizidi. Akikataa kuituma, naye ameanza kufikiri.

Zile voisi za usiku usizifute. Najua zinakuumiza, lakini zina tarehe, zina saa, na zina sauti yake. Zima mlio wa kundi kuanzia saa tatu, sikiliza asubuhi ukiwa kwenye daladala, na usijibu chochote usiku. Ukiona zinahusu kazi, jibu kazi kwa mstari mmoja. Zikihusu maisha yako, zihifadhi tu.

Hapo tumefika kwa mdomo wake, na nitakuwa mkweli: sina dawa ya kumbadilisha mwanaume mzima aliyezoea kufoka. Yawezekana ana kodi ya fremu inayomkaba, ana mzigo uliokwama bandarini, sijui. Sitaki kumtafutia udhuru, kwa sababu wenye fremu za bei hiyo hiyo wapo wasiotukana. Unachoweza kufanya ni kutenganisha vitu viwili. Ukali juu ya kazi, hata kama si haki, ujibu kwa kazi: "Sawa bosi, sufuria inatoka sasa hivi." Lakini la mwanaume aliyekukimbia si la kazi, na hilo inabidi umwambie. Mara moja, wawili tu, asubuhi kabla wateja hawajaingia na baada ya kunywa chai yake. Jioni ya kufunga hesabu usithubutu. "Bosi, nikikosea niambie hata kwa ukali, nitasikia. Habari za ndoa yangu naomba zisiingie dukani." Ukimaliza sentensi hiyo nyamaza, usiongeze, usilie, usianze kueleza miaka yote. Wengi wa aina yake hawajawahi kuambiwa na mtu anayewatazama usoni. Wengine hucheka, wakapunguza. Wengine hawapunguzi, na hilo litakuwa jibu lako la kama pale panakaliwa.

Keshia nakuomba usimfanye adui. Alikosea kupeleka maneno, lakini hebu fikiria: hela ya mali kauli isiyopita kwake inamwachia na yeye mauzo yasiyolingana na mzigo uliotoka. Huenda anaogopa zaidi yako, na mtu anayeogopa huwa anajinunulia usalama kwa maneno ya wenzake. Usimpe tena siri. Muulize namba: "Dada, leo kwako zimeuzwa katoni ngapi za chupa?" Ukiandika jibu lake kando ya kitabu chako, baada ya wiki tatu mtakuwa na picha mliyoichora wawili bila kumsema mtu.

Kuna wasomaji watakaokushauri umtishie kwa TRA, watu wa kodi, kwamba si kila mzigo unatolewa risiti. Usifanye hivyo. Sisemi watu wasiripoti, ila ukilitumia hilo kama fimbo ya kurudishiwa 300,000 unaacha kuwa mfanyakazi anayedai chake, unakuwa mtu anayeuza ukimya. Tena mwenye stoo ni wewe.

Barua ya kuacha kazi itoe kwenye pochi uiweke kabatini. Mama yako anasema vumilia, nami namheshimu, lakini sikubaliani naye kabisa. Kuvumilia bila tarehe kunakuzeesha. Anza kutafuta kazi nyingine leo, kimya kimya, wenye maduka wanaohitaji mtu wa stoo anayejua chupa za chai kwa aina zake hawakosekani mitaa hiyo. Ila usiondoke kabla ya kukabidhi. Ukiacha kazi kesho kwa hasira, kila kitakachopungua mwezi ujao kitakuwa chako, na hutakuwepo kukibishia. Unapolipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Zitumie hizo kuhesabu stoo pamoja na atakayeipokea, kila katoni, na shahidi mmoja, mkasaini wote. Mwajiri anatakiwa akupe na cheti cha utumishi, kidai. Kuna waajiri ambao sheria inahesabu kwamba wamemwachisha mtu kwa kumfanya ashindwe kukaa, hata kama barua kaandika mwenyewe, lakini kulithibitisha hilo ni kazi ngumu, usiliegemee.

Wakati unangoja, hesabu chupa za chai tu kila Jumamosi jioni. Stoo nzima huiwezi peke yako, lakini bidhaa moja inayotembea sana unaiweza kwa nusu saa. Na ile funguo ya pili itaje kwa maandishi, kwenye barua ile ile au nyingine fupi: "Stoo ina funguo mbili, naomba ibaki moja au kila anayefungua aandike." Hujamtuhumu mtu, umehesabu funguo tu.

Na kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeupita haraka mno. Aliyekuwa stoo kabla yako naye aliondoka kwa upotevu. Watunza stoo wawili, kufuli lile lile, funguo ya pili mkononi mwa mtu yule yule. Mtafute huyo mtu. Kama bado anafanya biashara za vyombo, hawezi kuwa mbali na Kariakoo. Usimuulize kama aliiba. Muulize wakati wake zilikuwa zinapungua katoni za nini.